Maafa Hayapigi Hodi

Mwaka 2010, miezi michache baada ya kustaafu, vijana wa kijiji chetu hapa Tarime walinialika kwenye kikao chao. Walitaka niwaeleze jinsi familia inavyoweza kujiandaa na maafa. Nadhani walinichagua kwa kuwa nilikuwa mwalimu mkuu kwa muda mrefu, na watu huamini kwamba mwalimu mkuu anajua kila jambo. Niliwapa somo zuri. Niliwaandikia ubaoni: tochi, chakula cha akiba, maji safi, dawa, nakala za vyeti. Waliandika madaftarini mwao, wakapiga makofi, tukanywa chai, tukaagana.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilijisikia vibaya. Nilijua kwamba sikuwadanganya, lakini pia nilijua kwamba jambo kubwa kuliko yote nililonalo juu ya somo hilo sikuwaambia. Nililificha kwa sababu ni jambo la aibu kwangu. Sasa nina miaka 75, na aibu ya mzee haina faida kwa mtu. Katika kurasa hizi nitaeleza yale niliyoyasikia kwa wazee na yale niliyoyaona mwenyewe katika nchi hii ya Tarime na Serengeti, na nitalieleza na hilo nililoliruka siku ile.

Vijana wengi hudhani kwamba maafa ni mambo ya nchi za mbali: matetemeko ya ardhi, volkano, vimbunga vya baharini. Lakini ukikaa na historia ya nchi yetu utaona kwamba hakuna kizazi hata kimoja kilichopita bila kupigwa. Na kila kizazi kiliachiwa somo na waliotangulia, kikalitumia kidogo, kikalisahau.

Tuanze na babu zetu. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa ng'ombe uitwao sotoka uliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini, upande wa Eritrea na Uhabeshi. Uliua ng'ombe wengi mno katika nchi za wafugaji, hata wanyama wa porini kama nyati na nyumbu hawakusalimika. Mwaustria mmoja, Oscar Baumann, aliyepita nyanda za Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 akielekea Ziwa Viktoria, aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa kwa sababu ya kupoteza mifugo yao. Juu ya sotoka ukaja ugonjwa wa ndui, na juu ya ndui ukaja ukame. Upande wa magharibi ya Serengeti, wazee wa Ikoma, Nata na Ngoreme waliikumbuka njaa ya miaka hiyo kwa jina la Njaa ya Miguu, kwa sababu watu walitembea kwa miguu mpaka Usukumani kutafuta nafaka. Wako waliowaacha watoto wao huko ili wapate chakula cha kuwarudisha wengine nyumbani wakiwa hai.

Nilipokuwa kijana nilisikia habari hizi kama hadithi za kutisha tu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipouliza swali la mwalimu: ni akina nani waliopona? Jibu la wazee lilikuwa moja. Waliopona ni wale waliokuwa na mahali pa kwenda. Mtu aliyekuwa na rafiki wa baba yake Usukumani, au dada aliyeolewa ng'ambo ya mto, alipokelewa. Asiyejuana na mtu alifika kama mwombaji, na katika mwaka wa njaa mwombaji hufika akiwa amechelewa.

Kwa hiyo Wakurya na jirani zao hawakuweka ng'ombe wote katika zizi moja. Mtu mwenye ng'ombe 20 aliweza kuwa na 8 nyumbani, na wengine wako kwa shemeji, kwa rafiki, kwa watu wa rika lake waliotahiriwa pamoja. Mgeni aliyepita angedhani mtu huyo ni maskini. Lakini ugonjwa ukiingia zizi moja, au wezi wakija usiku mmoja, hawakumaliza mali yote. Tena yule aliyemtunzia ng'ombe alikunywa maziwa, akawa ndugu. Siku ya shida hakuhitaji kuandikiwa barua.

Chakula nacho kiliwekwa kwa busara hiyo hiyo. Katika kila mji kulikuwa na vihenge vya ulezi. Ulezi ni punje ndogo, kazi yake shambani ni ya kuchosha, na wanawake ndio waliobeba mzigo wa kupalilia na kuvuna kichwa kimoja kimoja. Lakini una sifa ambayo mahindi hayana: ukikauka vizuri hukaa kihengeni miaka mingi bila kuliwa na wadudu. Bibi yangu alikuwa na kihenge ambacho hatukuruhusiwa kukigusa. Kila baada ya mavuno alitoa ulezi wa zamani tuule, akatia mpya. Hakukiita akiba. Alikiita cha mwaka usiojulikana.

Baadaye Waingereza walipotawala, serikali za wenyeji zililazimisha kila kaya kulima mihogo kama kinga ya njaa. Baba yangu alisimulia jinsi watu walivyonung'unika, maana aliyekutwa hana shamba la mihogo alitozwa faini. Hakuna apendaye kupangiwa chakula chake na bwana shauri. Hata hivyo mihogo ilibaki baada ya Mwingereza kuondoka, kwa sababu watu waliona wenyewe kwamba mvua ikikatika, mahindi hufa na mihogo hungoja ardhini. Tulimenya, tukakausha makopa, tukayasaga pamoja na ulezi, na ugali wake mweusi ndio uliotukuza.

Maafa ya kwanza niliyoyaona kwa macho yangu ni mvua za mwaka 1961. Nilikuwa na miaka 11. Nchi ilikuwa inangojea Uhuru wa tarehe 9 Desemba, na mvua ilianza kabla ya bendera kupanda, ikaendelea kunyesha kana kwamba mbingu imesahau kufunga mlango. Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya mwaka 1961 na 1964, likameza mashamba na nyumba za watu wa pwani. Kwetu milimani ziwa halikufika, lakini udongo ulilainika. Usiku mmoja ukuta wa nyumba ya jirani yetu uliporomoka na kumwua mtoto wake aliyekuwa amelala.

Kesho yake baba alizunguka mji wetu wote akitazama kila kuta. Nyumba ya wavulana ilikuwa imejengwa chini ya mteremko, mahali pazuri pasipo na upepo. Aliibomoa siku hiyo hiyo, kabla haijapata ufa wowote, tukalala jikoni kwa mama mwezi mzima tukilalamika moshi. Mama alimwuliza kwa nini anabomoa nyumba nzima. Alijibu kwamba mwenzake naye alikuwa na nyumba nzima jana. Nalitaja jambo hili kwa sababu watu wengi hungoja kuona ufa. Nyumba iliyojengwa mahali pabaya ni mbaya hata wakati wa kiangazi.

Nilimaliza chuo cha ualimu nikapangiwa shule ya msingi katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Serengeti. Huko ndiko niliko kuwa wakati wa Operesheni Vijiji. Mwishoni mwa mwaka 1973 Serikali ilitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na mwaka 1974 watu wa Mara walihamishwa kwa haraka. Sikusudii hapa kuihukumu siasa ya Ujamaa. Mimi mwenyewe niliifundisha darasani kwa moyo, na shule, visima na zahanati zilizoletwa na vijiji vimewafaa wengi. Nasema tu kile nilichokiona. Watu waliondoka na vitanda, mabati na kuku. Vihenge havibebeki. Wengi waliviacha vikiwa na ulezi ndani, wakitumaini kurudi kuuchukua, na waliporudi walikuta mchwa na nyani wamekwisha fanya kazi yao.

Mwaka huo huo mvua haikunyesha vya kutosha sehemu nyingi za nchi. Serikali ikalazimika kununua nafaka nje kwa fedha za kigeni, tukala unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, ambao watu waliuita yanga. Msimu uliofuata ikatangazwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, hata sisi walimu tukalima na wanafunzi wetu.

Katika kijiji changu kipya kulikuwa na mjane mmoja ambaye alihamishwa kama wengine. Wakati wenzake wanapakia vitanda, yeye alijaza vibuyu: kimoja mbegu za ulezi, kimoja mtama, kimoja kunde, kimoja maboga. Watu walimcheka. Mvua zilipokuja, nusu ya kijiji walipiga hodi mlangoni kwake kuomba mbegu. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mtu akiambiwa aondoke na mzigo mmoja tu, achukue kitu ambacho kesho hakitapatikana kwa fedha.

Miaka ya 1980 ilileta adui mdogo ambaye wanahistoria hawamwandiki. Mdudu mmoja kutoka Amerika ya Kati alionekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka hiyo. Wakulima walimwita dumuzi, wengine wakamwita skania kwa jinsi alivyokuwa na nguvu. Dumuzi hula mahindi ghalani hata yakabaki unga, na hula makopa ya mihogo vile vile. Kisha katika miaka ya 1990 ugonjwa mkali wa batobato ulishuka kutoka Uganda ukaharibu mihogo katika nchi za kuzunguka ziwa. Tazama sasa hali yetu ilivyokuwa. Ulezi tulikwisha uacha kwa kuwa mahindi ni rahisi kulima na ugali wake ni mweupe. Mahindi yakapata dumuzi. Mihogo ikapata batobato. Kinga zote tatu za wazee zilipungua ndani ya maisha ya mtu mmoja, na hakuna siku moja tuliyokaa kikao na kuamua hivyo.

Sasa nafika kwenye jambo langu.

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Vijana wengi wa Kikurya walikuwa jeshini, na wengine wakajiunga. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Vita vilituletea heshima na makaburi, na vilituletea pia bunduki. Wizi wa ng'ombe ulikuwapo tangu zamani, lakini ulikuwa wa mikuki na mishale, na yowe la mwanamke mmoja lilitosha kuamsha ukoo mzima. Baada ya vita wezi walikuja na bunduki za kivita. Ng'ombe walivushwa mpaka usiku mmoja wakauzwa Kenya kabla ya jua kuwa kali. Koo jirani zilishambuliana, nyumba zilichomwa, na wazee wa inchama, ambao zamani waliogopwa, walijikuta wakisema na vijana wasiosikia. Ndiyo hali iliyofanya baadaye mikutano ya ritongo na vikundi vya sungusungu vipate nguvu, na mwaka 1989 sheria ya nchi ikawatambua sungusungu.

Wakati huo nilikuwa nimerudi Tarime na nilikuwa mwalimu mkuu. Shuleni kwangu nilikuwa na utaratibu ambao wakaguzi waliusifu. Kengele, yaani rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni, ikigongwa mfululizo, kila darasa lilitoka kwa mstari, viranja wa darasa la saba wakiwashika mikono watoto wa darasa la kwanza. Kila mwalimu alikuja na daftari lake la mahudhurio, akaita majina. Ndani ya dakika chache nilijua nani yuko na nani hayuko. Niliona fahari.

Nyumbani kwangu sikuwa na utaratibu wowote.

Usiku mmoja wa masika, mwaka 1986, wezi walivamia mji wetu. Tulikuwa na ng'ombe 14. Tuliamka kwa mlio wa risasi na mwanga, maana nyumba moja ya nyasi ilikuwa imewashwa moto ili tushughulike nayo. Mke wangu alichukua watoto watano akakimbilia kwenye mibuni. Mimi na ndugu zangu wawili tulipiga yowe, watu wakaja, tukafuata nyayo gizani kwenye mvua. Wezi waliwaacha baadhi ya ng'ombe walipoona tumekaribia. Yapata saa 9 usiku tulirudi nyumbani, tukaingia zizini na koroboi, tukawatazama ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao. Walikuwa 11. Tulihesabu mara ya pili. Tulifarijika, kwa kuwa wenzetu wengi walikuwa wamepoteza zizi zima.

Mama yangu alikuwa mjane, naye alilala peke yake katika nyumba yake ndogo nyuma ya mji. Mimi nilidhani yuko na mke wangu. Mke wangu alidhani mdogo wangu amemchukua, kwa kuwa nyumba ya mdogo wangu ilikuwa karibu zaidi. Mdogo wangu alidhani kwamba mimi, mkubwa wa nyumba, ndiye niliyemwondoa kwanza. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Kulipokaribia kupambazuka watoto waliporudishwa, mmoja wao akauliza bibi yuko wapi.

Tulimkuta katika mtaro wa mpaka wa shamba. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, akaanguka, kifundo cha mguu kikavunjika. Alikuwa amelala kwenye maji tangu usiku wa manane. Alituita, lakini mvua juu ya mabati ilikuwa kubwa kuliko sauti yake. Nilipomwinua aliniita kwa cheo changu kama alivyozoea, akasema: "Mwalimu, niliwasikia mkihesabu ng'ombe."

Hakusema kwa hasira. Hakurudia tena maneno hayo. Kichomi kilimshika wiki ile ile, tukamtibu, akapata nafuu, kikarudi. Alifariki baada ya wiki tano.

Watu waliokuja msibani waliwalaani wezi, na walistahili laana. Lakini mimi nilijua kwamba wezi walikuwa wamekwenda zao saa nyingi kabla ya mapambazuko. Muda uliobaki ulikuwa wangu. Mwalimu mkuu aliyejua majina ya watoto wa watu mia kadhaa hakuita majina saba ya nyumbani kwake.

Baada ya arobaini niliwakusanya ndugu zangu na wake zetu na watoto wote. Nilinunua daftari. Nikaandika jina la kila mtu anayelala katika mji wetu, na mbele ya kila jina jina la mtu mmoja atakayemshika siku ya hatari. Mtu mmoja tu. Nilikataa kabisa kuandika "wote", kwa sababu mama alikuwa wa wote. Mtoto mchanga ni wa mama yake, anayemfuata ni wa shangazi, mzee ni wa kijana fulani kwa jina lake, na kijana huyo akisafiri aage ili achukue mwingine nafasi yake. Tulikubaliana mahali pawili pa kukutania: pa kwanza mkuyu wa kisimani, pa pili, kama njia ya kwanza imefungwa, uwanja wa shule. Tukakubaliana kwamba majina yaitwe kwanza, na ng'ombe wafuatwe baada ya majina. Mdogo wangu alipinga hili la mwisho. Alisema dakika hizo ndizo wezi wanazozitaka. Ni kweli. Tulikubali kwamba tunaweza kupoteza ng'ombe kwa sababu ya utaratibu huo, na tukauandika hivyo hivyo.

Mambo mengine yalifuata yenyewe, maana mtu akishajua nani anamshika nani, huanza kuuliza atamshika na nini. Tuliweka tochi mahali pamoja, msumarini nyuma ya mlango, si mahali pengine. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na karatasi za shamba tuliviweka katika mfuko mmoja wa nailoni ambao mke wangu angeweza kuuchukua gizani. Fedha kidogo, chumvi, kiberiti na dawa za homa tulitia katika kopo. Ndoo mbili za maji yaliyochemshwa na kufunikwa zilikaa jikoni kila usiku. Koroboi haikuruhusiwa tena ndani ya nyumba ya nyasi watu wakiwa wamelala. Radi ikinguruma, hakuna kusimama chini ya mti, hata mkuyu wetu wa kukutania. Tunaingia nyumbani na kukaa mbali na ukuta na bomba. Nchi hizi za kuzunguka ziwa ni miongoni mwa zinazopigwa sana na radi duniani, na wengi wanaokufa huwa wamejificha mvua chini ya mti.

Daftari lilijaribiwa mwaka 1997. Mvua za El Nino zilianza mwezi Oktoba na kuendelea mpaka mwanzoni mwa mwaka 1998. Barabara zilikatika, madaraja yakaenda na maji, malaria ikapanda mpaka milimani ambako watu hawakuizoea, na kipindupindu kikasambaa nchini. Usiku mmoja wa Desemba tulisikia ukuta wa nyumba ya mdogo wangu ukilia. Tulitoka wote, tukaenda uwanjani kwa kuwa kulikuwa na radi na hatukuweza kwenda mkuyuni, tukaingia darasani. Binti yangu aliita majina kwa kichwa, bila daftari. Jina moja halikuitikiwa: mpwa wangu wa miaka 9. Aliyepaswa kumshika alidhani amemfuata nyuma. Alirudi mbio na mdogo wangu, wakamkuta amelala usingizi mzito, wakambeba. Ukuta ulianguka kabla ya asubuhi, upande wa kitanda chake.

Sikusema neno usiku ule. Nilikaa kwenye dawati nikamfikiria mama. Tulimkosa mtoto kwa dakika chache tu, kwa sababu safari hii kulikuwa na mtu wa kumwuliza.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Rorya imetengwa na Tarime mwaka 2007, na ulinzi wa mpakani umeimarishwa, ingawa nyumba zimeendelea kuchomwa katika ugomvi wa koo katika baadhi ya miaka. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda tena likapita kiwango cha mwaka 1964, na watu wa bonde la Mto Mara, ambao mto wao huanzia milima ya Mau huko Kenya, wamejifunza kwamba mafuriko yanaweza kuja hata kama kwao hakujanyesha. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa misimu, nami huusikiliza redioni kama nilivyokuwa nikisikiliza matokeo ya mtihani. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inayotaka kuwe na kamati mpaka ngazi ya kijiji. Ipo namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na 115 ya usafiri wa dharura kwa mama mjamzito na mtoto mchanga. Namba hizi ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Lakini gari lolote, hata likija kwa kasi, linatoka mjini, na saa ya kwanza ya maafa ni ya wenye nyumba.

Binti yangu yule aliyeita majina ameolewa Serengeti, katika kijiji kinachopakana na hifadhi. Huko maafa yao ni tembo. Usiku mmoja kundi linaweza kumaliza chakula cha mwaka, na mtu anayetoka peke yake kulinda mahindi anaweza asirudi. Wao nao wana daftari lao. Hakuna kwenda shamba peke yake usiku, hata kama ni mwanamume hodari. Mavuno hayakai shambani siku ya pili. Nafaka hugawanywa, nusu kwake, nusu kwa mama mkwe kijiji cha pili, katika mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ambayo dumuzi hufa ndani yake. Alipokuwa akinieleza habari za nusu na nusu nilicheka, nikamwambia kwamba hayo aliyajua babu wa babu yake. Akanijibu kwamba hakuyapata kwa babu. Aliyapata kwa kupoteza gunia 9 mwaka wa kwanza wa ndoa yake. Nikanyamaza. Ni kosa letu wazee kwamba alilazimika kulipa gunia 9 kwa somo ambalo tulikuwa nalo bure.

Ndiyo maana nimeandika. Maarifa ya kujikinga hayakupungua kwetu. Yalikatika njiani kutoka kinywa cha mkubwa hadi sikio la mdogo. Bibi aliyetunza kihenge hakutueleza sababu, nasi hatukumwuliza. Mimi nilificha habari ya mtaro kwa miaka mingi, na kwa kuificha niliwanyima wengine.

Kila mwaka tarehe 9 Desemba, watoto na wajukuu wanapokuwa wamerudi nyumbani kwa likizo, tunalifungua daftari. Sasa ni la nne. Walio Mwanza na Dar es Salaam wameandikwa pia, na namba zao za simu, kwa kuwa siku ya maafa nao huitwa majina. Mjukuu wangu wa darasa la sita ndiye mwandishi. Mwaka jana, alipokuwa akinakili majina, aliniuliza kwa nini jina la kwanza ni la mtu aliyekwisha kufa, na mbele yake pameandikwa jina langu. Nilimweleza yote, kama nilivyokueleza wewe, msomaji. Alifikiri kidogo, kisha akalinakili.

Usiku wa leo, kabla hamjalala, waulizeni walio nyumbani kwenu: tukitoka ghafla, nani anamshika nani? Mkijibu "sote tutashikana", hamjajibu bado.